Rickman hakuanza na miaka 42, jamani

Nimetumiwa tena. Hii ni mara ya nne tangu mwaka uanze, na safari hii aliyeniletea ni mwanafunzi wangu mwenyewe wa uigizaji, kijana anayewahi mazoezini, kwa hiyo hata kumfokea siwezi. Ni ile picha nyeusi na nyeupe ya Alan Rickman, yule mwigizaji wa Uingereza, anatazama pembeni kama mwenye nyumba anayesubiri kodi, na chini yake maandishi ya njano: "Alianza kuigiza akiwa na miaka 42. Hujachelewa." Halafu vimoto vitatu.

"Umeona, mwalimu?"

Nimeona. Nimeiona kwenye status za watu wa benki, kwenye grupu la kamati ya harusi, na mara moja kwenye slaidi za jamaa aliyekuwa anatuuzia virutubisho. Leo naandika, ili ya tano ikija nijibu kwa linki.

Namba yenyewe hakuitunga mtu. Rickman alizaliwa Acton, magharibi mwa London, Februari 1946. Die Hard, ile filamu ya risasi ya Hollywood, ilitoka Julai 1988. Toa hapo, unapata 42, na kweli ndiyo filamu yake ya kwanza ya sinema. (Wabishi wenzangu: walianza kurekodi Novemba 1987, kwa hiyo kazini aliingia akiwa na 41. Tuyaache.) Kilichoharibika ni kitenzi. Kuna kuanza, kuna kutoboa, na kuna ile siku ambayo wewe uliyekaa sebuleni na rimoti ulimwona mtu kwa mara ya kwanza. Hiyo siku ni yako. Yeye ana zake.

Kama lazima tumtafutie siku ya kuchelewa, ipo, ila ni nyingine. Baba yake, fundi rangi, alifariki mtoto akiwa na miaka minane, mama akabaki na watoto wanne. Alisoma shule ya Latymer kwa ufadhili, akaigiza sana shuleni, lakini alipomaliza akaona uigizaji siyo njia ya mtu mwenye busara zake. Akasomea usanifu wa michoro, kwanza Chelsea, kisha Royal College of Art, akafungua ofisi ya usanifu na marafiki. Mwaka 1972, akiwa na miaka 26, aliandika barua chuo cha uigizaji cha RADA, London, kuomba usaili. Wakamchukua. Basi, bango lingesema "aliacha ofisi yake akiwa na 26", nisingeandika hata mstari. Lakini 26 haimshtui mtu, haina vimoto.

Pale RADA alihitaji hela, akafanya kibarua cha kuwavalisha waigizaji wakubwa, Ralph Richardson na Nigel Hawthorne. Wanaofanya kazi nyuma ya pazia wanakijua hicho kibarua. Unapiga pasi shati, unasimama gizani na koti mkononi, unamsubiri mzee atoke jukwaani akiwa na sekunde chache za kubadili. Na kila usiku unasikia mistari ileile. Usiku wa kwanza unasikia maneno. Usiku wa thelathini unasikia anapovuta pumzi.

Sasa tufike kwenye kinachonikera hasa: ule utupu ambao bango linauacha kati ya chuo na Die Hard, kana kwamba mtu alimaliza masomo 1974 akalala, akaamka Los Angeles.

Baada ya chuo alizunguka mikoani: Manchester, Leicester, Sheffield, Birmingham, Bristol. Huko kulikuwa na mfumo wa repatori. Mji una ukumbi wake, ukumbi una kundi lake la waigizaji wanaolipwa kwa wiki. Mchana mnafanya mazoezi ya mchezo ujao, usiku mnacheza wa sasa, na kichwani bado una mistari ya ule uliokwisha juzi. Wiki hii wewe ni mtumishi anayeleta barua, mwezi ujao ni mtoto wa mfalme, mwezi unaofuata ni mzee mwenye jongo. Hakuna anayekuuliza kama uhusika "unakufaa". Unavaa unachopewa. Ukiboronga Jumanne, Jumatano saa moja na nusu usiku uko palepale, mbele ya watu wengine waliolipa. Mimi sijaona shule inayoweza kumfundisha mtu hilo, na nimefundisha kwenye tatu.

Mwaka 1978 akapata ambacho kila mwigizaji wa Uingereza alikitaka, nafasi katika kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare, Stratford. Hakudumu. Alikuja kueleza kwamba aliondoka ili akajifunze kuongea na wenzake jukwaani badala ya kuwabwekea.

Hapo kwenye kubweka naomba tukae kidogo, maana ndipo wanafunzi wangu wanaponisinzilia na ndipo mambo yote yalipo. Ukiwa kwenye ukumbi wa watu zaidi ya elfu moja, hofu ya kwanza ni kwamba wa nyuma hawasikii. Unapandisha sauti. Ukishaipandisha, kila sentensi inatoka na uzito mmoja, shingo inakaza, macho yanamwacha mwenzako yanakwenda kwenye viti vya mwisho. Mwenzako naye akiona huongei naye, anapandisha yake. Baada ya dakika kumi mko wawili jukwaani, kila mmoja anahutubia mkutano wake. Hadhira inasikia kila neno na haijali chochote. Huku kwetu mnakijua, nenda kaangalie tamasha lolote la shule za sekondari. Na kumbuka, Rickman wa 1978 alikuwa na sauti ileile mnayoisifu kila siku mitandaoni, ile nzito inayokokota kama jiwe la kusagia. Alikuwa nayo, na bado alijiona anabweka. Kwa hiyo ninyi mnaokunywa vikombe vya tangawizi mkitafuta sauti ya Snape, yule mwalimu aliyemcheza kwenye Harry Potter, hela ya tangawizi nunueni nauli.

Aliondoka akaenda kwenye kumbi ndogo za London. Moja ilikuwa Bush, ambayo siku hizo ilikuwa chumba juu ya baa. Nyingine Royal Court, kubwa kidogo, yenye heshima kwa tamthilia mpya. Na kamera? Kamera alikuwa nayo tangu 1978, alipocheza Tybalt kwenye Romeo na Juliet ya BBC. Mwaka 1982 BBC hiyohiyo ikamwonyesha akiwa Obadiah Slope, mchungaji mnafiki anayetabasamu kwa midomo tu, na Waingereza wakamjua. Kwa hiyo hata ukisema "alianza mbele ya kamera 1988", umekosea kwa miaka kumi.

Mwaka 1985 alirudi Stratford. Septemba, Les Liaisons Dangereuses ya Christopher Hampton ilifunguliwa The Other Place, ukumbi mdogo wa kampuni ileile, ambao enzi hizo ulikuwa banda la mabati. Simaanishi "banda" kwa kudharau. Mabati kweli, mvua ikinyesha unaisikia. Rickman alikuwa Valmont, mwanaume anayewaharibia wanawake maisha kwa sababu hana kazi nyingine ya kufanya mchana. Watu wamekaa karibu kiasi kwamba ukibweka utawarushia mate. Ndani ya banda lile huwezi kudanganya hata kwa kope. Mchezo ukahamia London, ukapanda jumba hadi jumba, na mwaka 1987 ukafika Broadway, New York, ambako aliteuliwa kuwania Tony, tuzo kubwa ya jukwaa huko Marekani. Hesabu ni karibu miaka miwili ya kuwa mtu mmoja, usiku baada ya usiku.

Huko New York ndiko watu wa Die Hard walikomwona. Wao wenyewe hawakumtafuta "mzee wa miaka 41 anayeanza maisha". Walienda kutazama mchezo unaozungumzwa mjini wakakuta mtu amekomaa, wakamchukua.

Iangalie sasa ile filamu ukijua hayo. Kuna sehemu wageni wa sherehe ya Krismasi wamekusanywa, mitutu imewaelekea. Hans Gruber, yule mbaya anayechezwa na Rickman, anamtafuta mkurugenzi, bwana Takagi. Mwigizaji mwingine angepiga kelele "Takagi ni nani?" Rickman anapita katikati ya watu taratibu akitaja wasifu wa Takagi, alizaliwa wapi, familia ilihama lini, alisoma chuo gani, kama afisa mwajiri. Anamtazama kila anayempita usoni. Hapandishi sauti hata mara moja, na neno la mwisho la kila kipengele analiweka chini kama mtu anayeweka karata mezani. Huyo haongei na ukumbi, anaongea na mtu aliye mbele yake. Hilo halikutoka Los Angeles. Lilitoka kwenye mabati.

Suti pia. Kwenye mswada wa awali Gruber alikuwa avae kigaidi. Rickman mwenyewe alisimulia kwamba alimwachia prodyuza karatasi yenye hoja: kama amevaa suti, anaweza kujifanya mateka. Wakakubali, na ndipo ikapatikana ile sehemu anakutana na shujaa ana kwa ana na ghafla anakuwa Mmarekani mwenye hofu. Mtu anayefanya kazi yake ya kwanza haachi karatasi kwa prodyuza.

Na wanaosema "alikuwa mwigizaji wa wabaya tu", sina muda nao. Truly, Madly, Deeply ni ya 1990, Sense and Sensibility ya 1995, na humo si mbaya. Tazameni.

Baada ya kusema yote hayo, kuna mahali mimi mwenyewe sijatulia.

La kwanza, bahati. Mwaka uleule wa 1988 Les Liaisons Dangereuses iligeuzwa filamu, na Valmont akapewa John Malkovich. Uhusika alioubeba Rickman miaka miwili, tangu kwenye mabati, ukaenda kwa mtu mwingine. Yeye alibaki na ile filamu ya risasi ambayo mwanzoni, kwa kauli yake mwenyewe, aliiona haimhusu. Mwigizaji aliyeiva vilevile, ambaye usiku ule prodyuza hakuja kutazama, tungekuwa tunamweka kwenye bango? Tusingemjua hata jina. Ninaposema miaka 16, toka RADA 1972 hadi Die Hard 1988, ndiyo iliyomtengeneza, nasema kweli. Nikisema miaka 16 itamtengeneza na mwingine, hapo nauza virutubisho.

La pili, jukwaa lenyewe halikumuheshimu milele. Mwaka 1998, akiwa na jina duniani kote, alicheza Antony na Helen Mirren akiwa Cleopatra, National Theatre, London. Wahakiki walimchanachana. Sauti ileile, uzoefu ule wote, na haikukaa. Nimejaribu kuwaeleza wanafunzi sababu na kila mwaka naeleza tofauti.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Ninawaambia vijana "nendeni jukwaani kwanza". Jukwaa lipi? Kumbi za Manchester na Sheffield ziliendeshwa kwa ruzuku ya serikali na halmashauri za miji. Kijana wa Dar anayetaka repatori atafute mkoa gani wenye ukumbi unaomlipa kila wiki? Bongo Movie atarekodi siku nne, aende zake. Nikimlaumu kwa kutaka kamera moja kwa moja, namlaumu kwa kutopita barabara ambayo haijachongwa.

Moja ya filamu zake za mwisho, Eye in the Sky, hadithi yake inatokea Nairobi, ingawa walirekodi Afrika Kusini, na wenyeji wa Eastleigh, mtaa wa Nairobi hiyohiyo, wana haki ya kucheka. Rickman ni jenerali, sehemu kubwa ya filamu amekaa kwenye chumba London, anaangalia skrini pamoja na wanasiasa wasiotaka kuamua. Hana cha kufanya ila kukaa na kusikiliza. Niliiona baada ya kifo chake, alifariki Januari 2016 kwa saratani ya kongosho akiwa na miaka 69, na nilichoangalia muda wote ni namna anavyomgeukia anayeongea, kabla hajajibu.

Nilimsomea mwanafunzi wangu rasimu ya haya. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kitu ambacho bango halina: "Sasa mwalimu, miaka yote hiyo, kodi alikuwa analipa nani?"

Nikamwambia sijawahi kuona risiti zake, ila mwenzi wake, Rima Horton, waliyekutana Rickman akiwa na miaka 19 na wakaja kufunga ndoa 2012, alikuwa mhadhiri wa uchumi. Mtu wa mshahara.

Akafikiri. "Kwa hiyo kwanza nitafute mchumba mhadhiri."

Nikamwambia kwanza ashike mistari ya Alhamisi.