Msuli si mshipa

Jumapili iliyopita beki wetu wa kulia, mtu mzima na kitambi chake, alidondoka dakika ya sitini na kitu, kashika shavu la mguu, analia kama mtoto. Uwanja mzima ukageuka daktari. "Mshipa huo! Mvuteni mshipa!" Mmoja akamnyoosha goti, akaukamata unyayo na kuusukuma vidole vielekee kwenye ugoko, na haikupita dakika mbili jamaa kainuka anachechemea. Tiba sawasawa kabisa, jina ndilo lililopotea njia. Nikanyamaza. Jioni kwenye kundi la WhatsApp mtu akashauri tumchangie beki anunue dawa ya "kusafisha mishipa". Hapo uvumilivu ukaniishia.

Kilichomkaza ni msuli. Msuli ni nyama inayoweza kujivuta ikawa fupi, basi. Iko ya moyo, iko ile laini ya kwenye utumbo na kuta za mishipa ya damu ambayo haingoji amri yako, na iko ya mifupa, hii tunayotembelea, inayozidi 600 na kufika kama asilimia 40 ya uzito wa mtu. Kila mmoja una mnofu katikati na kano kwenye ncha zake, na kano ndiyo inayoushika mfupa. Msuli huvuta tu, hausukumi. Ndiyo maana ile ya viungo hukaa kwa kupingana: wa mbele ya mkono unakunja kiwiko, wa nyuma unakinyoosha. Mshipa kazi yake ni kupitisha. Damu inapita humo, na ule tunaouita wa fahamu unapitisha habari. Hakuna mshipa uliowahi kupiga mpira.

Sasa, kabla hatujamcheka mtu, nikiri kwamba kosa hili lina heshima ya ukongwe. Mshipa ni neno la Kibantu la tangu na tangu, na lina ndugu kusini huko: Mzulu akisema imisipha anakusudia hiyo hiyo misuli na kano. Kwa hiyo neno lenyewe halikuzaliwa kuwa bomba la damu. Lilikuwa la kila kilicho kama kamba ndani ya mwili, chenye kukaza na kuuma. Sisi tumelibebesha mizigo mpaka limepinda mgongo. Kuna mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mshipa wa ngiri, na mtu akitukana mbele ya wakwe tunasema mshipa wa aibu umekatika. Huu wa mwisho hakuna daktari atakayeushona.

Wayunani walifanya vilevile. Neno lao neuron, ambalo leo limetupa neva, mwanzoni lilikuwa na maana ya kano, na pia upote wa upinde. Kwao kamba nyeupe ilikuwa kamba nyeupe, iwe inavuta mfupa au inapeleka habari. Ni tabibu Herofilo wa Alexandria, karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyepasua maiti na kuzitenga neva na kano na mishipa ya damu. Yaani kundi letu la WhatsApp liko nyuma ya Alexandria kwa miaka kama 2,300, jambo la kusikitisha, ingawa mchezo tulishinda.

Warumi wao walitazama msuli ukicheza chini ya ngozi wakauita musculus, panya mdogo. Kunja mkono wako uone: kitu kinakimbia chini ya shuka. Na Warusi, msuli wao myshtsa umetoka kwenye mysh, panya yuleyule. Sisi tulikuwa na letu zuri, tafu, la mkono na la mguu, na sijui nani alituambia tuliweke kabatini. Badala yake tumeng'ang'ania msuli, neno ambalo pwani ni nguo. Nikiwa mdogo Tanga nilipelekwa kwa mzee mmoja mchua viungo. Ananikanda mguu kwa mafuta ya nazi, mimi na elimu yangu ya darasa la sita nikamwambia, "Babu, mwalimu kasema huu si mshipa, ni msuli." Mzee akajitazama kiunoni, akasema, "Msuli ni huu nimejifunga, mjukuu wangu. Huo wako ni mshipa." (Wanafunzi wa vyuo nao wameongeza wa kwao: kupiga msuli ni kukesha na vitabu, na anayekesha bila kufaulu huambiwa msuli tembo, matokeo sisimizi.)

Anayetaka kuujua msuli asiende maktaba, aende buchani asubuhi. Mwambie muuzaji akukatie steki ya paja, uichemshe mpaka iive sana, kisha uichambue kwa vidole. Itaachana yenyewe kwa nyuzi. Kwanza unatoa utando mweupe unaong'aa uliofunika nyama yote. Huo ukifika mwishoni hukusanyika ukawa kano, ile inayoteleza menoni na kuifanya supu ya makongoro igande ikipoa. Ndani ya utando kuna matita, na ndani ya kila tita kuna nyuzi nyembamba kama unywele au pungufu. Kila uzi ni seli moja. Seli nyingi mwilini zinaridhika na kiini kimoja. Hii ina viini vingi, na inaweza kuwa na urefu wa sentimita kadhaa.

Ndani ya uzi huo kuna nyuzi ndogo zaidi, na humo jicho halifiki. Zimepangwa vipande vipande kama pingili za mua, kila pingili ina urefu wa kama sehemu mbili na nusu za elfu moja ya milimita, kwa hiyo katika sentimita moja zinapangana kama 4,000. Kila pingili ina protini za aina mbili: nyembamba, aktini, na nene, miosini. Watu wengi wanadhani msuli ukikaza nyuzi hizi zinajikunja kama mpira. La. Mwaka 1954 makundi mawili ya watafiti yalitoa matokeo yao katika toleo moja la jarida la Nature, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande wa pili (na hao akina Huxley si ndugu), wakaonyesha kwamba nyuzi zinapishana tu. Vichwa vya miosini vinaishika aktini, vinaivuta, vinaachia, vinashika mbele zaidi, kama wavuvi wanaovuta juya ufukweni. Kamba haifupiki. Ni mikono inayopokezana.

Amri inaletwa na neva, ile mshipa wa fahamu, kwa hiyo nakubali mshipa wa namna fulani unahusika. Ncha yake inamwaga kemikali, uzi wa msuli unashtuka, kalsiamu iliyokuwa imefungiwa ghalani inamiminika, na aktini inafunuka ishikwe. Nguvu inatoka kwenye ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, na hapa ndipo panapopendeza: kichwa cha miosini kinaihitaji ATP ili kiachie. Bila hiyo kinabaki kimeng'ang'ania.

Mwulize muuzaji wa buchani. Nyama ya ng'ombe aliyechinjwa sasa hivi huonekana inachezacheza kwenye ndoano, na watoto hukimbia. Haina roho, ina akiba ya ATP tu, na kichocheo kidogo kinaiamsha. Saa chache baadaye akiba imekwisha na nyama imekakamaa, mpaka ikae ndipo ilainike tena. Wanaoosha maiti wanalijua hilo bila kusomea, ndiyo maana viungo hunyooshwa mapema.

Beki wetu hakuwa amefikia huko. Kwake neva za shavu la mguu, baada ya saa nzima ya kukimbizwa na vijana wa miaka 20, ziliendelea kupiga amri ambazo yeye hakuzitoa, na msuli ukatii. Yule aliyesukuma unyayo aliivuta kano ya kisigino. Ndani ya kano kuna vihisi vinavyopeleka taarifa kwenye uti wa mgongo kwamba mvuto umezidi, na uti unapunguza amri. Damu wakati huo inapita zake, na hapakuwa na cha kusafisha.

Watangazaji wa mpira wakisema fulani ana maumivu ya nyama za paja, mimi nawapigia makofi, kwa sababu hawajakosea hata herufi. Tunaweza kuanzia hapo. Ukifika zahanati na mguu wako, usimwambie nesi mshipa umekaza, maana atakuuliza kuhusu presha, kisha ganzi, kisha ngiri, na foleni nyuma yako itakuchukia. Mwambie msuli. Ila ukienda Tanga kuchuliwa, sema nyama ya mguu, kwani msuli mzee kauvaa.