Upepo Unaozamisha Mitumbwi Si Upepo Unaozalisha Umeme

Katika vikao vya elimu ya nishati hapa Mwanza, iwe Kirumba mwaloni au kule Igombe, kuna swali ambalo halikosi mtu wa kuliuliza: Ziwa Victoria lina upepo wote huu, mbona hatuuvuni tukapata umeme? Anayeuliza mara nyingi ni mvuvi. Ameshawahi kukutwa na dhoruba katikati ya maji, akaacha nyavu na kukimbilia kisiwa cha karibu. Huyo huwezi kumwambia kwamba ziwa halina upepo.

Jibu letu huwaudhi baadhi ya watu, lakini tunalitoa hivyo hivyo. Upepo wa dhoruba, huu unaozamisha mitumbwi, hauna faida kubwa kwa mtambo wa umeme wa upepo. Mtambo wa kisasa huanza kuzalisha umeme upepo ukifikia mita 3 au 4 kwa sekunde. Hufikia uwezo wake kamili kwenye mita 12 hivi, na kuanzia hapo upepo ukizidi, umeme hauongezeki. Ukifika mita 25, mitambo mingi hujizima yenyewe: mapanga, yaani mabawa yanayozungushwa na upepo, hujigeuza na kuupa upepo ubavu ili yasivunjike. Kwa hiyo dhoruba inapopiga kwelikweli, mtambo umesimama. Kuukadiria utajiri wa ziwa kwa dhoruba zake ni sawa na mwenye mtumbwi kupiga hesabu ya mwaka mzima kwa usiku mmoja wa giza alioshusha dagaa hadi wakamwagika.

Kinachotafutwa ni upepo wa wastani unaovuma saa nyingi, mchana na usiku, mwezi hadi mwezi. Hapo kila tofauti ndogo ina maana kubwa, kwa sababu nguvu iliyomo kwenye upepo huongezeka mara nane kasi inapoongezeka mara mbili. Eneo lenye wastani wa mita 8 kwa sekunde na lingine lenye mita 5 ni biashara mbili tofauti kabisa, hata kama mtu aliyesimama ufukweni anahisi ni upepo ule ule.

Sasa tulitazame ziwa lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani kuja ufukweni. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, ukakutana na mwenzake kutoka pande nyingine katikati ya maji. Huo mkutano ndio unaozaa ngurumo za usiku wa manane ambazo wavuvi wa dagaa wanazijua vizuri. Kwa mtambo wa umeme, upepo unaogeuka kila siku una saa za kulegea kila siku. Kuanzia Juni hadi Agosti picha hubadilika, upepo wa kusini mashariki unapovuma kwa muda mrefu na kulikoroga ziwa mpaka maji ya chini yanachanganyika na ya juu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: uso wa ziwa uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Kwa kasi ile ile na joto lile lile, upepo wetu una nguvu pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane ukilinganisha na wa baharini.

Kwa mitambo ya majini, wenzetu walianzia baharini. Denmark ilijenga shamba la kwanza la upepo baharini mwaka 1991 pale Vindeby: mitambo 11, yote pamoja megawati 5 hivi. Waliiondoa mwaka 2017 baada ya robo karne ya kazi. Leo zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark unatokana na upepo, wa baharini na wa nchi kavu. Uingereza ina shamba la Hornsea 2 lenye mitambo 165 na uwezo unaozidi megawati 1,300. Na siri yao si upepo peke yake. Eneo la bahari ni mali ya umma, linapimwa, linagawanywa vitalu, kisha wawekezaji wanashindanishwa.

Kwenye maziwa mifano ni michache. Uholanzi ina shamba la mitambo 89 ndani ya IJsselmeer, ziwa la maji baridi, iliyokamilika mwaka 2021. Sweden ina mitambo 10 katika ziwa Vänern. Marekani walipanga kuweka mitambo sita ziwa Erie, karibu na mji wa Cleveland, na baada ya miaka mingi ya mabishano na gharama kupanda, mradi ukasimamishwa mwaka 2023.

Kwa upande wa kina hatuna tatizo kubwa. Wastani wa Ziwa Victoria ni mita 40, na nguzo za kusimika chini huwezekana hadi kina cha mita 50 na kidogo zaidi. Na daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limeonyesha kwamba nguzo zinaweza kusimikwa ndani ya ziwa hili.

Kikwazo kiko njiani. Meli ya MV Mwanza iliundwa hapa hapa: vipande vikasafirishwa, vikachomelewa Mwanza Kusini. Panga la mtambo halichomelewi. Kwa kawaida linatoka kiwandani likiwa zima, na la mtambo wa megawati 4 lina urefu wa mita 60 na zaidi. Fikiria gari linalobeba kitu hicho kutoka bandari ya Dar es Salaam, kona za mjini, madaraja, nguzo za umeme za kando ya barabara. Kila mtambo una mapanga matatu, kwa hiyo mitambo mia moja ni safari mia tatu za namna hiyo. Na meli kubwa za kusimika mitambo zinazofanya kazi Ulaya haziwezi kufika ziwani. Hakuna njia ya maji ya kuzileta.

Jirani zetu Kenya walitufundisha jingine. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme haikuwa tayari, ikabidi isubiri hadi 2018 kuunganishwa kwenye gridi. Ikumbukwe kwamba hiyo iko nchi kavu, karibu na ziwa, na si ndani ya maji. Mtu akikuletea mpango wa upepo, muulize kwanza kituo cha kupoza umeme kiko wapi.

Maoni yangu ni kwamba tuanzie nchi kavu, Singida na Makambako, tupate mafundi na uzoefu, huku ziwa na pwani vikipimwa kwa utulivu. Upepo wa Juni hadi Agosti una thamani ya pekee, maana ni kiangazi na mito ya kusini inapungua. Upepo ukizalisha, bwawa la Julius Nyerere linaweza kubana maji yake hadi jioni, watu wanapowasha taa na majiko.

Kupima kwenyewe si kazi ya wiki. Kifaa hukaa mwaka mmoja au zaidi, kisiwani au kwenye boya, kikitupa mwali wa leza juu ili kusoma upepo wa mita 100, mahali mapanga yanapozungukia. Kipimo cha uwanja wa ndege husomwa mita 10 kutoka ardhini, hakitoshi. Kwetu lazima yaangaliwe pia yale mawingu ya wadudu wadogo wa ziwani, kwa sababu wakigandamana kwenye mapanga, umeme hupungua.

Wavuvi wawemo tangu siku ya kwanza. Uingereza, wakati wa ujenzi, vyombo vingine huzuiwa kukaribia mtambo kwa mita 500. Mita hizo zikiangukia mahali nyavu zinapotegwa, kuna kaya zinapoteza riziki, na nyaya zinazolazwa chini ya maji hazipatani na nanga. Kwa hiyo wataalamu wakifika mwaloni kwenu na boya lao, kamati ya usimamizi wa mwalo iombe ramani, iweke alama maeneo ya kutega, mazalia ya samaki na njia za mitumbwi, na nakala ibaki kwenye ofisi ya kijiji.