Wigwagi: mlinzi wa chuma kwenye tambukareli

Zamani, kabla ya taa zinazomweka kwa zamu na vizuizi vinavyoshuka vyenyewe, tambukareli zenye shughuli nyingi za Marekani zililindwa na mtu. Alikuwa na kibanda chake kando ya reli. Treni ikikaribia alitoka, akasimama barabarani na kupunga: bendera mchana, fanusi nyekundu usiku, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka behewa la mwisho lipite. Wigwagi ni mtu huyo, ila wa chuma.

(Tambukareli ni pale barabara inapokatiza reli. Kwa msomaji wa Dodoma au Tabora hili ni jina la mtaa kabla ya kuwa jina la kitu.)

Neno wigwagi limetoka kwenye Kiingereza, na linasema kile kile kinachoonekana: kitu kinachochezacheza huku na huku, kama mkia wa mbwa aliyemwona mwenyewe. Aliyeubuni mtambo huu mwaka 1909 ni Albert Hunt, mhandisi wa kampuni ya Pacific Electric iliyoendesha treni za umeme Los Angeles na miji ya jirani. Magari yalikuwa yameanza kujaa barabarani, treni zake zilikatiza mitaa kila mahali, na kumweka mlinzi kila njia panda kulihitaji mishahara isiyokwisha. Mitambo yenyewe ilitengenezwa na Magnetic Signal Company, hapo hapo Los Angeles, kwa jina la biashara la Magnetic Flagman.

Ukiitazama kwa karibu haina mambo mengi. Kuna nguzo ya bomba la chuma, na kichwani mwake sanduku lenye sumaku-umeme. Chini ya sanduku inaning'inia sahani ya chuma, kipenyo chake karibu sentimita 60, yenye taa nyekundu katikati. Sumaku ya upande mmoja inavuta, inaachia, ya upande wa pili inapokea, na sahani inabembea kama timazi ya saa ya ukutani. Kila ikibembea, kengele inagongwa. Sahani za mwanzo zilipakwa rangi nyekundu. Baadaye zikawa nyeupe zenye msalaba mweusi na ukingo mweusi. Zipo pia wigwagi zilizopinduliwa, sahani juu na uzito wa kusawazisha chini, na hizo zikianza kazi utadhani mtu ameinua mkono anakuaga.

Nani anaiambia kwamba treni inakuja? Reli zenyewe. Umeme mdogo hupitishwa kwenye reli moja na kurudi kwa reli ya pili, ukishikilia swichi ya sumaku iliyo kwenye kabati kando ya njia. Gurudumu la kwanza likiingia kwenye kipande hicho, ekseli inaunganisha reli mbili, umeme unakatiza njia hapo na hauifikii tena swichi. Swichi inaachia, kengele inaanza kulia. Ujanja huu ni wa William Robinson, wa mwaka 1872, na uzuri wake ni kwamba waya ukikatika au reli ikivunjika, matokeo ni yale yale kama treni imekuja.

Wigwagi ya kawaida, lakini, ilikuwa na kasoro ambayo swichi hiyo haikuweza kuiponya. Umeme wa kuibembeza ukikosekana, sahani inaning'inia tu, imetulia. Dereva hana namna ya kujua kama imetulia kwa sababu hakuna treni au imetulia kwa sababu imekufa. Taa mbili za kumweka kwa zamu zilikuwa zimeshaanza kutumika New Jersey tangu 1913, hazina mkono wa kuchakaa, na taratibu ndizo zilizokuwa kawaida ya nchi nzima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia biashara ya Magnetic Signal ilinunuliwa na kampuni ya Griswold ya Minneapolis, na kufikia 1949 utengenezaji wa wigwagi mpya ulikoma. Zilizokwisha kusimikwa ziliachwa zifanye kazi. Vipuri vilipoadimika, mafundi walifanya anachofanya fundi yeyote wa gari la zamani: kuchinja moja ili nyingine iishi.

Ndiyo maana anayetafuta wigwagi, au alama yoyote ya zamani ya reli, haendi kwenye njia kuu. Tangu sheria ya usalama wa barabara ya 1973, serikali ya Marekani hutenga fedha za kuboresha tambukareli, na fedha huanzia penye hatari kubwa: treni za kasi, magari mengi. Njia ya pembeni inayoingia kiwandani, treni moja kwa wiki, mwendo wa kutembea kwa miguu, inabaki mwisho wa foleni. Halafu kiwanda kinafungwa na foleni yenyewe inafutika. Kilichosimikwa enzi hizo kinabaki kwa sababu hakuna aliyeona faida ya kukiondoa. Watu husema vitu hivi "vimehifadhiwa". Mimi naona vimesahauliwa tu.

Mfano mzuri ni Vernon, kusini kidogo mwa katikati ya Los Angeles. Mji huu ulianzishwa mwaka 1905 uwe wa viwanda peke yake, na hadi leo wakazi wake ni mia chache, ilhali wanaoingia kazini asubuhi ni maelfu. Viwanda vya nyama, maghala, malori, kuta ndefu zisizo na madirisha. Huko, kwenye Barabara ya 49, wigwagi iliendelea kubembea hadi karne hii, miongo mingi baada ya dada zake kuuzwa vyuma chakavu.

Wigwagi zenyewe sasa ni nadra mno, kwa hiyo mtafutaji hujifunza kuridhika na jamaa za wigwagi: taa, kengele na vibao vya zamani vya tambukareli. Taa za zamani zina vioo vya kipenyo cha sentimita 21 hivi. Za siku hizi ni 30 na ndani yake ni LED. Kengele ya kweli ina bakuli la chuma na nyundo, ya kisasa ni kisanduku chenye spika. Kibao cha alama ya X nacho kina habari zake: cha kisasa kimebandikwa karatasi inayoakisi mwanga, ila cha kale herufi zake zimepangwa kwa gololi ndogo za kioo, moja moja, na taa za gari zikizimulika usiku zinawaka kama macho ya paka. Mimi gololi hizo nazipenda kuliko hata wigwagi. Mwisho, kwenye kabati la swichi tafuta kibati chenye jina la mtengenezaji.

Kosa la wengi ni kudhani alama ya kale ina maana reli imekufa. Usiangalie alama, angalia mgongo wa reli. Ukiwa na kutu ya kahawia na nyasi zimeufunika, pengine hakuna kilichopita kwa miaka. Uking'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, treni inapita hapo. Kwa vyovyote vile reli na kilicho kando yake vina mwenyewe: picha hupigwa ukiwa barabarani, na kibati cha jina huachwa kilipo.