Hoteli za kawaida Guatemala City: yanayodhaniwa na yaliyopo

Mtu wa kahawa kutoka Moshi au Nyeri ana sababu nzuri ya kujikuta Guatemala City siku moja. Anacafé, chama cha taifa cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1960, kina makao yake hapo, na wanunuzi wa dunia nzima hupita mjini humo kabla ya kupanda milimani. Wengine hupelekwa na mashirika, makanisa au utafiti. Kwa wengi wao bajeti si ya hoteli ya nyota tano. Ni posho ya kawaida na chumba cha kati ya dola 40 na 70: kitanda, meza ya kuwekea kompyuta, intaneti na chai ya asubuhi. Hoteli za namna hiyo zimesemwa mengi, na wanaosema zaidi ni wale ambao hawajawahi kulala humo.

Dhana: Ukitoka getini tu, magenge yanakumaliza

Habari za magenge hazikutungwa. Mwaka 2009 Guatemala ilipoteza watu zaidi ya 40 kwa mauaji katika kila wakazi 100,000. Ila kiwango hicho kikaenda kikishuka, na miaka ya 2020 kimekuwa chini ya 20. Bado ni kikubwa ukilinganisha na kwetu, wala sitaki kumdanganya mtu. Tatizo ni kwamba watu huichukua namba ya nchi nzima na kuimwaga juu ya kila mtaa kwa usawa. Zona 18 (zona ni kanda ya mji yenye namba) ni mji mwingine kabisa ukilinganisha na Zona 10, yenye balozi na mikahawa, na mgeni wa kikazi hana shughuli yoyote Zona 18.

Kinachompata mgeni mara nyingi ni cha kizembe zaidi: simu kunyakuliwa na mtu wa pikipiki, kwenye foleni, dirisha likiwa wazi. Mtu wa Nairobi au Dar anaujua mchezo huo, na dawa yake anayo tayari. Mabasi ya mjini ya kizamani yaache. Transmetro, mabasi ya njia maalumu yaliyoanza mwaka 2007, ni afadhali japo hujaa hadi mlangoni. Wageni wengi hutumia Uber, au huomba mapokezi wawaitie teksi wanayoifahamu.

Halafu kuna suala la walinzi, ambalo ndilo huwatisha wageni kuliko wezi wenyewe. Mlinzi wa duka la dawa amepakata shotgani. Mlinzi wa benki vivyo hivyo. Hata lori linaloshusha soda dukani lina mtu wake wa bunduki anayeshuka wa kwanza. Ukiona hivyo usidhani kuna tukio. Ni Jumanne ya kawaida. Hoteli yenyewe huenda haina hata mlango wa wazi: unabonyeza kengele, wanakutazama kwenye kamera, geti linafunguka. Hotelini hilo ni jambo la kuombea.

Na ile milio ya saa 11 alfajiri? Mara nyingi ni fataki. Waguatemala huwasha fataki alfajiri kumwamshia mtu siku yake ya kuzaliwa, nje ya dirisha lake, na jirani hana haki ya kulalamika. Mgeni aliyelala na hadithi za magenge kichwani hujikuta chini ya kitanda kwa sababu binti wa nyumba ya pili ametimiza miaka 15.

Dhana: Hoteli ikiwa "mjini" inatosha, utafika popote

Hapa ndipo watu wanapoumia kweli. Mji umegawanywa katika zona zenye namba, na namba za barabara hujirudia kutoka zona hadi zona. Avenida kwa jumla zinakwenda kaskazini-kusini, calle zinakwenda mashariki-magharibi. Anwani kama 12 Calle 4-25, Zona 10 inakuambia hivi: nenda Calle ya 12, vuka kona ya Avenida ya 4, jengo liko kama mita 25 kutoka kwenye kona hiyo. Ukishauelewa, huu ni mpangilio mzuri kuliko "shuka kwenye mwembe ulizie kwa Mama Fulani". Lakini ondoa ile Zona 10 na umepotea, kwa sababu anwani hiyohiyo inaweza kuwepo Zona 1 na kwingineko pia. Watu wamewahi kushushwa upande mwingine wa mji wakiwa na anwani sahihi isiyo na mkia.

Kwa hiyo kabla ya kutazama picha za chumba, uliza mkutano uko zona gani. Kama ni wizara na ofisi za zamani, Zona 1 ndiyo kitovu: Ikulu ya zamani, barabara ya Sexta Avenida iliyofungiwa magari, hoteli za bei nafuu zenye ua wa ndani na vigae vya zamani. Mchana inachangamka, usiku maduka yakifungwa inabadilika sura, na si mahali pa kuzurura. Kampuni na balozi ziko zaidi Zona 9 na 10, pande mbili za Avenida La Reforma. Zona 13 imebeba uwanja wa ndege wa La Aurora, ambao uko ndani ya mji wenyewe, na kando yake kuna mitaa ya nyumba za kawaida zilizogeuzwa gesti. Nyingi hukupokea uwanjani bila malipo. Kwa mwenye ndege ya alfajiri, mimi ningemwambia asilale kwingine. Usingizi wa mchana tu ndio hutaupata, kwa kelele za ndege.

Dhana: Lala Antigua, ni pazuri zaidi, halafu uende mjini kila asubuhi

Antigua ni pazuri, hilo halina ubishi. Ilikuwa makao makuu mpaka matetemeko ya mwaka 1773 yalipoibomoa, na mwaka 1776 serikali ikahamia ulipo mji wa sasa. Kwenye ramani ni kama kilomita 40. Kwenye barabara ni jambo jingine: ni kupanda mlima, kisha kushuka kwenye foleni ya kila mfanyakazi anayeingia mjini kutoka upande huo. Wenyeji wanaoifanya safari hiyo huondoka nyumbani gizani. Mkutano wa saa 2 asubuhi ukikuhusu, Antigua iwekee Jumamosi.

Dhana: Nchi za tropiki, lazima chumba kiwe na kiyoyozi

Guatemala City iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya mwinuko wa Arusha na ule wa Nairobi. Hoteli nyingi za kawaida hazina kiyoyozi kwa sababu hakihitajiki, na hazina kipasha joto pia. Desemba na Januari usiku unashuka hadi nyuzi 12 au 13, na chumba cha sakafu ya vigae hakimhurumii mtu wa Tanga. Blanketi la pili liko kabatini. Kama halipo, omba kabla mhudumu wa usiku hajalala. Mvua ni ya Mei hadi Oktoba, na hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo shughuli za nje zipange asubuhi.

Usichukue hali hii ukaivisha Amerika ya Kati yote. Managua na Panama City ziko chini, joto lake ni la pwani, na huko chumba kisicho na kiyoyozi ni adhabu.

Dhana: "Maji moto saa 24" maana yake ni tangi kubwa juu ya paa

Katika hoteli za daraja hili, maji moto mara nyingi ni shawa ya umeme: lile dubwana la plastiki lenye nyaya linalochemsha maji yanapopita. Wasomaji wengi wa kwetu wanayo nyumbani, kwa hiyo siri yake wanaijua: ukifungua maji mengi, hayapati moto. Punguza mkondo mpaka yapate moto, na usiiguse shawa yenyewe ukiwa umelowa. Kwenye bomba za kawaida, C (caliente) ndiyo moto na F (fría) ndiyo baridi. Aliyezoea bomba za Kiingereza huungua mara moja tu, halafu anakumbuka.

Umeme wao ni volti 120, na soketi ni za matundu mawili bapa. Chaja ya simu na ya kompyuta hazina shida ukipata adapta. Pasi au birika ya umeme ya volti 230 kutoka nyumbani itajikokota tu, haipati moto wa maana. Omba pasi mapokezi.

Maji ya bomba hayanywewi, hata ya kupigia mswaki wengi huyakwepa. Dumu kubwa la maji safi huwekwa kwenye korido, jaza chupa yako. Karatasi ya chooni, kama kuna kapu pembeni, weka kwenye kapu: mabomba ni membamba, na tangazo lililobandikwa ukutani halitanii.

Dhana: Chakula kitakushinda

Chai ya asubuhi ya Guatemala ni mayai, maharage meusi yaliyopondwa na kukaangwa mpaka yakakaza, ndizi za kukaanga, kipande cha jibini laini jeupe, na chapati ndogo za mahindi zilizofunikwa kitambaa zisipoe. Sioni Mswahili atakayekufa njaa hapo. Pilipili inawekwa pembeni, wewe ndiye unayeamua.

Kahawa ndiyo itakayokushangaza kwa ubaya. Nchi inauza nje kahawa ya kutamanika, na hotelini unaweza kuletewa maji ya kahawia au ya unga ya kopo. Mtu wa Kilimanjaro hana haki ya kucheka. Vuka barabara utafute mkahawa.

Nikiwa hapa, jambo moja la haraka: ukiona neno "moteli" au "autohotel" kwenye ramani, lenye bei nzuri ajabu na maegesho yenye pazia, hiyo si hoteli ya wasafiri. Inakodishwa kwa saa, na unajua na nani. Risiti yake usimpelekee mhasibu.

Dhana: Kitanda kikitikisika, jengo linaanguka

Tetemeko la tarehe 4 Februari 1976 liliua watu wapatao 23,000, wengi wakiwa wamelala ndani ya nyumba za matofali ya udongo. Nchi haijasahau. Mitikisiko midogo hutokea mara kwa mara, na wenyeji huendelea na mazungumzo. Ukiingia chumbani tazama ngazi ziko wapi, na lifti usiitumie tetemeko likitokea. Volkano ni usumbufu wa aina nyingine: Mei 2010 majivu ya Pacaya yaliufunga uwanja wa La Aurora kwa siku kadhaa. Ndiyo maana si busara kupanga mkutano wa Nairobi kesho yake baada ya kurudi.

Dhana: Nina laini ya Tigo, na huko Tigo wapo

Wapo kweli, mabango ya bluu kila kona. Lakini kampuni ya Millicom iliyoileta Tigo kwetu iliiuza biashara yake ya Tanzania mwaka 2022, na mwishoni mwa 2024 jina lenyewe likageuka Yas. Laini yako ya zamani haina undugu wowote na bango lile. Nunua laini ya huko, ya Tigo au Claro, ukiwa na pasipoti. Kumbuka tu kwamba Guatemala iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tisa: ukimaliza chai saa 2 asubuhi, Dar ni saa 11 jioni na ofisi inafungwa. Simu za kazi zipigwe kabla ya kuoga.

Dhana: Bei uliyoiona ndiyo utakayolipa

Malazi Guatemala yana kodi mbili: VAT ya asilimia 12, na asilimia 10 ya utalii inayokwenda INGUAT, taasisi ya utalii ya serikali. Jumla 22. Hoteli ndogo nyingine hutaja bei bila kodi, hivyo chumba cha dola 50 kinakuwa cha dola 61 siku ya kuondoka. Andika swali hilo kwenye ujumbe wa kwanza kabisa: kodi zimo au hazimo? Bei ikitajwa kwa dola, uliza pia watakukata kwa kiwango gani cha quetzal, sarafu ya huko. Noti za dola ziwe safi. Iliyochanika hata kidogo kwenye ukingo, benki inaikataa, kama tunavyokataliwa huku.

Mwishoni mhudumu atakuuliza NIT. Hiyo ni namba ya mlipa kodi, kama TIN au PIN yetu, na ataiuliza hata ukinunua sandwichi. Mgeni hujibu "CF", yaani mlaji wa mwisho, na risiti inatoka. Kwa bili kubwa ya hoteli wataomba namba ya pasipoti badala yake. Ila kama kampuni yako ndiyo itakayorudisha fedha, mwambie mapema aandike jina la kampuni kwenye risiti, tena mwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Risiti zao ni za kielektroniki na zinakwenda moja kwa moja mamlaka ya kodi, na kuibadilisha ikishatoka ni kazi ya kumsubirisha dereva wa uwanja wa ndege.