Hati ya kudai mkutano: kuibana kamati ya estate iliyokaa kimya

Kamati isipojibu barua, wenye nyumba wengi huandika nyingine, kali zaidi, na kuijaza majina. Hiyo bado ni malalamiko, na kamati inaweza kuifungia kwenye droo. Hati ya kudai mkutano ni kitu kingine: inawalazimu viongozi kuitisha mkutano mkuu maalumu, na siku inapopokelewa ndipo siku za kisheria huanza kuhesabiwa.

Kabla ya kukusanya saini, jua mnaongozwa na chombo gani. Hapa Uganda, magorofa ambayo kila flati ina hati yake ya umiliki, kama ya Bugolobi na Bukoto jijini Kampala, yako chini ya Sheria ya Kondominiamu ya 2001. Huko kura hufuata fungu la kila flati katika mali ya pamoja, hivyo mtu mmoja si lazima awe kura moja, na utaratibu wa mkutano uko kwenye kanuni ndogo za jengo. Estate za nyumba za ploti mara nyingi huendeshwa na kampuni isiyo na hisa, iliyosajiliwa kwa URSB, ofisi ya serikali ya kusajili kampuni, chini ya Sheria ya Kampuni ya 2012. Kama ni chama tu chenye katiba, basi katiba ndiyo kila kitu. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, anaweza kuwapatanisha, lakini hana mamlaka ya kuitisha mkutano wa kampuni, hata mkimpelekea faili zima.

Tuchukue kampuni, maana ndiko watu hukosea zaidi. Wanaodai mkutano lazima wawe na angalau sehemu moja ya kumi ya kura zote. Kwenye estate ya wanachama 80, kila mmoja na kura yake, hao ni 8. Msiishie 8, tafuteni 12 au 15. Kamati itazikagua saini kwa jicho la kutafuta kasoro, na zitakazoanguka ni zilezile siku zote: ya mpangaji, ya mume wakati aliyeandikwa kwenye daftari la wanachama ni mke, ya aliyenunua nyumba ila hakuwahi kuingizwa kwenye daftari, na ya mwenye deni la ada ya huduma pale katiba ya kampuni inapomnyima kura. Kwa hiyo ombeni kuliona daftari kwanza.

Hati yenyewe ukurasa mmoja unatosha. Itaje madhumuni ya mkutano, si hasira. “Kujadili uongozi mbaya” haifai. “Kupokea hesabu za ada ya huduma za 2023 na 2024, na kupiga kura ya kuteua mkaguzi” inafaa, kwa kuwa kinachojadiliwa hufungwa na kilichotajwa. Walio mbali wanaweza kutia saini nakala nyingine, mradi maneno yawe yaleyale. Ipelekeni kwenye ofisi iliyosajiliwa ya kampuni, mkapate muhuri au saini na tarehe kwenye nakala yenu. Kuituma kwenye kundi la WhatsApp hakutoshi.

Viongozi, yaani wakurugenzi wa kampuni, wana siku 21 za kuchukua hatua ya kuitisha mkutano. Wasipofanya hivyo, waliotia saini, au baadhi yao wenye zaidi ya nusu ya kura za kundi hilo, wanaweza kuuitisha wenyewe. Lakini mkutano huo haufanyiki baada ya miezi 3 tangu hati ilipopokelewa, na hapa wengi huteleza. Hati ikipokelewa tarehe 1 Machi, siku 21 zinaisha tarehe 22. Mwisho wa kufanya mkutano ni 1 Juni. Taarifa kwa wanachama nayo inahitaji siku zake 21, kwa hiyo itoeni mwishoni mwa Machi, wala msingoje Mei. Ifikishieni wanachama wote, wakiwemo wanaoiunga mkono kamati, la sivyo mkutano utapingwa kwa sababu hiyo peke yake. Angalieni pia akidi, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kuhudhuria, kwenye katiba, na mkusanye mapema fomu za uwakilishi za walio nje ya nchi. Gharama za halali za kuuitisha mnaweza kuidai kampuni iwarudishie, hivyo tunzeni risiti.

Kama lengo ni kumwondoa mkurugenzi, azimio la kawaida, yaani la zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, linatosha, lakini kampuni lazima ipewe taarifa maalumu ya azimio hilo siku 28 kabla ya mkutano, na mhusika ana haki ya kusikilizwa hapo mkutanoni. Andaeni pia majina ya watakaomrithi, kwa sababu benki haitabadilisha wenye saini za akaunti kwa kuambiwa tu kwamba wa zamani wameondoka: itataka azimio, na mabadiliko ya wakurugenzi yawe yameshapelekwa URSB.