Homoni zako ziko sawa, acha kuzipima

Sasa niseme kwa maandishi, maana kuisema kliniki kila siku haitoshi. Mwanamke anakuja kwangu analalamika kwamba wiki moja kabla ya hedhi anageuka mtu mwingine: hasira, machozi, kila neno linamchoma. Dalili hizi za kabla ya hedhi huitwa PMS, na zikiwa kali sana, PMDD. Kabla sijauliza lolote anatoa bahasha ya maabara. Homoni za uzazi zote zimepimwa: estradioli na projesteroni zinazotoka kwenye ovari, FSH, LH, prolaktini, wakati mwingine na testosteroni juu yake. Amelipa hela ya maana. Majibu yote yako ndani ya kiwango, lakini kuna mtu amemwambia homoni "zimevurugika kidogo" na amemuuzia unga wa kunywa miezi mitatu ili zikae sawa.

Hazijavurugika. Projesteroni hupanda baada ya yai kutoka, kisha hushuka siku chache kabla ya damu kuanza. Ndivyo inavyotakiwa. Ukichukua damu ya mwanamke mwenye dalili kali na ya mwenzake asiye na dalili, siku ileile ya mzunguko, huwezi kusema ipi ni ya nani. Tofauti iko kwenye ubongo unaozipokea homoni hizo. Wape watu wawili pilipili mbuzi ileile: mmoja anamaliza sahani, mwingine anatoka jasho na machozi. Utapata jibu gani kwa kuipima pilipili?

Hili si wazo langu. Mwaka 1998 Peter Schmidt, David Rubinow na wenzao wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha jaribio ambalo hadi leo ndilo ninalolirudia zaidi. Waliwapa wanawake wenye dalili kali leuprolidi, dawa inayozima ovari. Baadhi yao dalili ziliisha. Wale waliopona, 10, walirudishiwa estradioli au projesteroni kwa kiwango cha kawaida cha mwili, na dalili zikarudi. Wanawake 15 wasio na tatizo walifanyiwa hayohayo, na hisia zao hazikubadilika. Homoni zilezile, matokeo mawili.

Kundi hilohilo likaja na jambo la ziada mwaka 2017, na hapa ndipo nataka usome taratibu. Homoni ziliporudishwa na kuachwa zikae bila kupanda wala kushuka, dalili zilijitokeza mwezi wa kwanza, kisha zikapungua mwezi wa pili na wa tatu, ingawa homoni zilikuwa bado mwilini kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo kinachousumbua ubongo huo ni badiliko. Ndiyo maana kupima damu siku moja asubuhi hakukuambii chochote: kipimo kinaonyesha kiwango, na kiwango hakina kosa.

Imani ya "projesteroni imepungua" ni ya zamani. Mwaka 1953 Raymond Greene na Katharina Dalton waliandika Uingereza kuhusu hali hii, na Dalton aliendelea kwa miaka mingi kuwatibu wagonjwa wake kwa projesteroni. Alistahili heshima kwa kuwasikiliza wanawake ambao madaktari wengine waliwapuuza. Lakini projesteroni hiyo ilipolinganishwa na dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani, katika majaribio ya kueleweka, haikuonyesha ubora. Nadharia ikafa kwenye utafiti, ikabaki madukani.

Ndani ya ubongo, mhusika mkuu anaonekana kuwa alopregnanoloni, ambayo mwili huitengeneza kutokana na projesteroni. Inakaa kwenye vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, vilevile ambavyo diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, huvifanyia kazi, na kwa watu wengi hutuliza. Kwa wachache, kiwango cha kati cha kitu hichohicho huleta wasiwasi na hasira. Torbjörn Bäckström wa Umeå, Sweden, amelifuatilia jambo hili kwa miongo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwapa wanawake wenye tatizo dutasteridi, inayozuia projesteroni isigeuzwe kuwa alopregnanoloni, na kwa dozi kubwa dalili zilipungua. Ushahidi huo naupenda, ingawa walioshiriki walikuwa wachache na dawa hiyo siiandikii mtu yeyote kwa sababu hii.

Sasa amigdala, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na hofu na hasira. Mmeshaona michoro mitandaoni: amigdala imepakwa rangi nyekundu, gamba la mbele la ubongo limepauka, na maelezo kwamba kabla ya hedhi hofu na hasira hupanda huku breki ya mbele ikilegea. Maelezo mazuri, na huenda yakawa na ukweli. Utafiti mmoja wa mwaka 2008 uliona kitu kinachofanana na hicho, kwa wanawake wasiofika 10 wenye tatizo. Kisha mwaka 2012 watafiti wa Uppsala wakawaonyesha wanawake picha za nyuso zenye hofu na hasira, na siku za kabla ya hedhi amigdala zao hazikutofautiana na za wenzao. Tofauti ilionekana katika nusu ya kwanza ya mzunguko, wakati mgonjwa anajisikia vizuri. Vitabu vya kufundishia havipendi kuliandika hilo. Mimi nawaambia wanafunzi wazi: picha za ubongo za MRI katika suala hili bado zinapingana, vikundi ni vidogo, na anayekuuzia mchoro wenye rangi mbili anakupa uhakika ambao hatuna.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni mume, au kaka, au bosi, anayesema "mwache, homoni zinamsumbua", akidhani amemaliza mjadala. Dada mmoja aliniletea daftari la shule lenye mistari, kila siku amejipa alama kuanzia 1 hadi 6 kwa hasira, huzuni, wasiwasi na usingizi, na pembeni ameandika tukio la siku hiyo. Siku ya nane ya mzunguko: "Amerudi saa sita usiku. Nimempa chakula." Hasira 2. Siku ya ishirini na tano: "Amerudi saa sita usiku. Nimevunja kikombe." Hasira 6. Mume aliuona ukurasa wa pili tu. Lakini saa sita usiku ni ileile katika kurasa zote mbili. Ubongo kabla ya hedhi hautungi malalamiko kutoka hewani. Unapunguza uwezo wa kuyameza. Ukiitibu siku ya ishirini na tano na kuiacha ile ya nane bila mazungumzo, umemtibu nusu.

Daftari hilo ndicho kipimo. Mizunguko miwili, kila jioni, bila kusubiri mwisho wa mwezi ukumbuke kwa kichwa, maana kumbukumbu hupenda kuhamishia mabaya yote wiki moja. Na tafadhali, tuangalie tarehe. Hasira ya siku ya tatu ya damu hadi siku ya kumi si hali hii. Dalili hizi huja baada ya yai kutoka na kufifia ndani ya siku chache baada ya damu kuanza. Katikati pawe na siku nyeupe kabisa, zisizo na dalili. Pasipokuwa na siku nyeupe, mara nyingi ninachokiona ni sonona au wasiwasi wa muda wote unaozidi kabla ya hedhi, na tiba yake inapangwa tofauti. Wanawake wengi hupata dalili kidogo. Ile hali kali inayovunja kazi na ndoa huwapata asilimia chache tu.

Mazoezi na usingizi, fanya. Chumvi na kahawa, punguza ukiona vinakusumbua.

Kwa hali kali, dawa za sonona za kundi la fluoksetini na setralini husaidia wengi, na hapa kuna ajabu: kwenye sonona huchukua wiki kadhaa, hapa nafuu huja ndani ya siku chache. Wengine huzinywa nusu ya pili ya mzunguko tu, wakaacha damu ikianza. Kwa nini haraka hivyo? Maelezo mamoja ni kwamba zinaigusa alopregnanoloni yenyewe. Wapo wanaoyapinga, na mimi sijashawishika upande wowote. Dawa inafanya kazi kabla hatujaelewana sababu, na si mara ya kwanza katika fani yangu. Usijinunulie duka la dawa kwa kusoma hapa. Historia yako lazima isikilizwe, hasa kama umewahi kupata vipindi vya furaha iliyopitiliza na kukosa haja ya kulala.

Na kama katika siku hizo unapata mawazo ya kujiua, habari ya daftari la miezi miwili haikuhusu. Mwambie mtu aliye karibu nawe akusindikize hospitali leo, hata kama unajua kwamba kesho kutwa damu itaanza na mawazo yataondoka.