Trela kubwa, mteremko mrefu: dhana potofu za wanaovuka milima majani yanapopukutika

"Gari likishapanda, kazi imekwisha."

Mtu akishapata trela la kulala la tani 4, swali lake huwa moja: hii pikapu italipandisha mlimani? Mara nyingi italipandisha, ila kwa kuhema. Injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kwenye handaki la Eisenhower kule Colorado, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu theluthi ya nguvu haipo. Yenye turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Basi panda taratibu kwenye njia ya kulia, ambayo kule ndiyo ya wanaokwenda polepole. Utakachopoteza ni dakika chache na hisani ya wanaokupita.

Shida iko upande wa pili. Ukitoka handakini kuelekea magharibi, barabara ya I-70 inashuka mita 650 hivi hadi Silverthorne, kwa mteremko unaofika asilimia 7. Chukua gari na trela vyenye jumla ya tani 7. Ukiziachia breki peke yake kazi ya kushusha mzigo huo, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha karibu lita 130 za maji baridi, na lote linaingia kwenye vyuma vichache vilivyojificha ndani ya rimu.

"Breki zangu mpya, na trela lina zake."

Upya wa breki hauondoi joto. Trela nyingi za aina hii zina breki za ngoma zinazoendeshwa kwa umeme. Ngoma ikipata moto hutanuka na kuzikimbia pedi zake, kwa hiyo pedi zinasafiri mbali zaidi na kushika kidogo zaidi. Kwenye gari lenyewe kuna mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita. Kwa mafuta ya breki ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea. Mguu unazama hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo.

Dalili huja mapema kwa anayezijali. Kwanza harufu kali kama ya kitambaa kilichoungua na pasi, kisha pedali inakuwa laini. Hapo tafuta pa kuegesha, shuka, peleka kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Kama joto linakusukuma mkono, kaa nusu saa. Usimwagie maji, chuma chenye moto hupinda au kupasuka.

Dawa yenyewe ni gia nzito, yaani ya namba ndogo, na iwekwe kabla ya kuanza kushuka, mwendo ukiwa bado mdogo. Wazee wa malori husema shuka na gia uliyopandia. Kwa injini za sasa zenye nguvu nyingi mimi naona ushauri huo umepitwa, kwa sababu gari linaweza kupanda kwa gia nyepesi mno isiyoweza kuuzuia mzigo kwenye kushuka. Shusha namba ya gia hadi injini ivume na mwendo utulie. Ukizidi, kanyaga breki kwa uthabiti upungue kilomita 8 hivi kwa saa, kisha achia kabisa. Kuegemeza mguu kidogo kidogo kwa kilomita kumi, eti ndiyo upole, ndiko kunakopika breki.

"Trela likiyumba, kanyaga breki."

Ukikanyaga, gari la mbele linapungua mwendo huku trela likiendelea kusukuma kwa nyuma, na kuyumba kunazidi. Shika usukani ukiwa umenyooka, achia mafuta, kisha tumia kwa mkono kitufe cha breki za trela peke yake ili lijivute nyuma na kunyooka. Kukimbiza gari ili "kulinyoosha" ni hatari vilevile, tena kwenye mteremko.

Mara nyingi chanzo kilipakiwa nyumbani. Watu husogeza mizigo mizito nyuma ili kuipunguzia uzito ndoano inayounganisha trela na gari, wakidhani wanalihurumia gari. Kwa trela za Amerika Kaskazini, ndoano inatakiwa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela. Kwa lile la tani 4 ni kilo 400 hadi 600. Chini ya hapo mkia unaanza kucheza. Na tangi la maji la lita 200 ni kilo 200, kwa hiyo hakikisha unafahamu tangi liko upande gani wa ekseli.

"Simu imenionyesha njia fupi." Simu haijui gari na trela lako vina urefu gani kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye barabara ya Going-to-the-Sun huko Montana, kati ya Avalanche na Rising Sun, gari pamoja na trela likizidi mita 6.4 haliruhusiwi.

"Septemba bado ni joto."

Tarehe 5 Septemba 2020 jiji la Denver lilifika nyuzi 38. Tarehe 8, siku tatu baadaye, theluji ilianguka humo humo mjini. Ndiyo maana sheria ya Colorado ya matairi na vifaa vya theluji kwenye I-70, kati ya Dotsero na Morrison, huanza kazi tarehe 1 Septemba na kwenda hadi 31 Mei.

Barafu nayo hugeuza ushauri wa hapo juu. Gia nzito ikiingizwa ghafla kwenye utelezi, matairi ya nyuma ya gari huteleza na trela likalisukuma mpaka vikunjane kama kisu cha kukunja. Breki za trela zilizowekwa kali nazo hufunga magurudumu, kwa hiyo zipunguze. Zaidi ya yote, madaraja na kona zisizopata jua hubaki na barafu hata kipimajoto cha gari kikisoma nyuzi 3. Asubuhi ya namna hiyo mimi huchemsha chai ya pili na kungoja hadi saa nne, jua likishafika kwenye zile kona.